Nilivyompeleka Mama Kulwa Ghana

Wanangu, siku hizi mnaomba viza mkiwa mmelala kitandani, simu juu ya kifua. Siwaonei wivu. Ila zamani, mtu akija ofisini kwangu Geita, swali langu la kwanza halikuwa anakwenda wapi. Nilimuuliza: "Jina lako linaandikwaje?"

Hapo ndipo safari nyingi zilipokwama. Kwetu huku ulimi hautofautishi sana L na R, vyote ni ndugu. Kijana mmoja alikuja na cheti cha kuzaliwa kilichomwita Robert, kadi ya chanjo ikamwita Lobati, na pasipoti ikamwita Lobert. Nikamuuliza, "Sasa wewe ni yupi?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Wote ni mimi, Mama." Mimi nilimwamini, lakini afisa wa nchi ya watu hawezi kupitisha watu watatu kwa viza moja. Kwa hiyo, kabla ya kununua sanduku, wekeni karatasi zenu zote mezani, moja kando ya nyingine, muone kama zinamzungumzia mtu mmoja.

Nilikuwa karani wa safari katika kampuni ya kuchoronga miamba, ile kazi ya kutoboa ardhi kwa mashine ndefu ili wajue dhahabu imelala wapi. Vijana wa Geita, Kahama na Shinyanga waliizoea kazi hiyo mpaka wakawa wanahitajika nje: Mali, Guinea, Kongo, Ghana. Wao walitoboa ardhi, mimi niliwatobolea mipaka. Wakaniita Mama Viza. Jina langu la Mama Neema likabaki la kanisani.

Aliyenifundisha ni Mzee Sadiki, mtu wa Ujiji, aliyezeekea Mwadui akipokea wageni wa mgodi wa almasi, kisha akaja Geita kumalizia nguvu zake. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi kila siku, na sauti ya chini kama anazungumza karibu na mtoto aliyelala. Alisema msafiri usimtazame usoni, mtazame mikononi. Mwenye hofu anashika pasipoti kama kuku anayetaka kuponyoka. Huyo mpe maji kwanza, maneno baadaye. Na alinifundisha kwamba afisa akikuuliza jambo moja, mjibu hilo moja, unyamaze. Jibu la pili litamletea swali jingine, na foleni nyuma yako ni ndefu.

Nimewapa watu mafundisho hayo miaka na miaka, nikiwasindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Mwanza, nikiwapungia mkono, kisha nikirudi Geita na basi. Mimi mwenyewe nje ya nchi nilikuwa sijawahi kufika. Nilizijua nchi kwa rangi ya mihuri yake tu. Nyingine nilikuwa nikiziota: naona mlango, afisa ananitazama, naamka kabla hajaniuliza kitu.

Sasa niwasimulie safari yangu moja.

Tulikuwa na mchorongaji aliyeitwa Shija, kijana wa Kharumwa. Alipelekwa Ghana, katika mji wa Tarkwa, akakaa, akapenda, akaoa binti wa huko aliyeitwa Tawia. Wakapata mtoto wa kike, Esi. Mtoto akiwa bado ananyonya, mama yake akaugua ghafla na kufariki. Shija alikuwa porini na mashine, wakampigia simu. Tangu hapo mtoto alilelewa na bibi yake mzaa mama, Nana Efua. Nana ni kama sisi tunavyosema bibi.

Baada ya mwaka hivi, Shija alinipigia simu. "Mama Viza, mimi nashinda porini. Mtoto wangu anakua hanijui, wala hajui neno moja la kwetu. Nataka mama aje amchukue, amlee Kharumwa. Lakini mama hajawahi hata kupanda ndege, na Kiswahili chake unakijua."

Nilikijua. Mama yake, Mama Kulwa, aliongea Kisukuma tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Meneja wangu alipoisikia habari hiyo alinitazama kidogo, akasema, "Nenda naye. Likizo zako zimelala humu ofisini miaka mingi, ziamshe."

Basi nikajaza fomu yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilifuta mara mbili, wanangu, mahali pa kuandika jina tu. Tukapata barua ya mwaliko ya Shija, tiketi za kwenda na kurudi, na kadi za homa ya manjano, maana bila hiyo kadi Ghana huingii. Ubalozi ukatupa viza ya mwezi mmoja. Kwenye tarehe ya kuzaliwa Mama Kulwa aliniambia alizaliwa mwaka wa nzige, wakati wa kupalilia. Tukamwandikia siku ya mwaka mpya, kama walivyoandikiwa nusu ya wazee wa Usukuma.

Siku ya safari alikuja na michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, mfuko mzima, na karanga. Nikamwambia, "Mama, wanaweza kuvikamata mpakani." Akasema, "Nitakwendaje kwa wakwe wa mwanangu mikono mitupu? Wakivikamata watakuwa wameonja." Tulipofika, mimi nikavitangaza kwa watu wa forodha. Nanyi mfanye hivyo, chakula kisifichwe. Afisa alinusa kipande kimoja, akakitafuna, akaurudisha mfuko bila neno.

Kuna sehemu ya safari ile ambayo mpaka leo sijui niliiona au niliisinzia. Tulibadilisha ndege Addis Ababa. Nakumbuka kioo kirefu, ukungu, na watu wa mavazi ya kila aina wakipita polepole bila sauti, kama samaki. Mama Kulwa alikuwa amenishika kiganja. Angani alitazama mawingu kwa muda mrefu sana, kisha akaniuliza kwa Kisukuma, "Haya mashamba ni ya nani?" Nikamwambia ni mawingu. Akasema anajua ni mawingu, anauliza ni ya nani. Ndege ikaendelea kunguruma, na nikahisi kama tunakaa mahali pamoja huku dunia ikisogezwa chini yetu.

Tulitua Accra mchana. Joto la kule lina maji ndani yake, linakukumbatia. Mnapofika nchi ngeni, wanangu, msikimbilie foleni. Simameni kando, mnywe maji, mtazame wenzenu wanaelekea wapi, mtoe karatasi ya anwani ya mwenyeji wenu. Iwe karatasi, kwa sababu simu huzima pale pale inapohitajika.

Afisa wetu alikuwa dada kijana mwenye nywele za kusuka. Mama Kulwa nilikuwa nimemfundisha jibu moja: nimekuja kumtembelea mwanangu. Alipofika mbele ya kioo alipiga goti kidogo, akasema, "Mwadila." Hiyo ndiyo salamu ya mchana kwetu. Dada yule akanitazama.

"Anakusalimu," nikamwambia kwa Kiingereza.

"Mwambie nimepokea. Amekuja kufanya nini Ghana?"

Nikamtafsiria. Na Mama Kulwa, badala ya lile jibu moja, akaeleza yote: mkwe aliyefariki, mwanawe aliye porini, mjukuu asiyejua neno la kwao, na kwamba amekuja kumchukua. Nikatafsiri, jasho likinitoka. Afisa akaacha kugonga mihuri.

"Kumchukua mtoto?" akasema. "Mama, viza yenu ni ya kutembea. Mtoto wa hapa hatoki hivi hivi. Baba yake lazima atoe idhini, mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Na familia ya mama yake wanajua?"

Nikamuuliza Mama Kulwa. Akaukumbatia mfuko wa michembe. Kisha akasema, "Mwambie hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu nyumbani."

Dada yule akatugongea mihuri. Akasema taratibu, "Waambieni mapema."

Shija alitupokea nje. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Mama yake alimshika mashavu, akamgeuza uso huku na huku kama anayekagua chungu kilichosafirishwa mbali. Tukapanda gari kuelekea Tarkwa. Njia nzima ilikuwa kijani, kijani isiyokwisha. Mimi nimezoea mbuga za Shinyanga ambako jicho likitupwa linafika mpaka upeoni. Kule jicho liligota kwenye majani. Nikasinzia, nikaamka, miti ikawa ile ile, nikadhani hatujasogea.

Nana Efua alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Walitukalisha uani, wakatupa maji, wakangoja tunywe. Kisha mdogo wake, mwalimu Aba, akasimama na kutuuliza rasmi kwa Kiingereza: wao wapo salama, je, wageni wameleta nini, wamefuata nini? Ndiyo desturi yao. Mgeni hunywa maji, halafu huulizwa ujumbe wake mbele ya watu wote.

Maneno yalikuwa na safari ndefu pale. Mama Kulwa anasema Kisukuma, mimi nageuza Kiingereza, mwalimu Aba anageuza Kifante, kisha jibu linarudi njia ile ile limechoka. Mama Kulwa aliwapa pole ya msiba. Akatoa michembe na karanga. Akasema, "Na nimefuata mjukuu wangu, nikamlee kwetu."

Mwalimu Aba alisita kabla ya kugeuza. Alipogeuza, Nana Efua alimnyanyua Esi, aliyekuwa akicheza na kifuniko cha sufuria, akaingia naye ndani, akafunga mlango taratibu.

Shija akainamisha kichwa. Nikamuuliza, "Hukumwambia?"

"Nilisema mama anakuja kutembea," akajibu. "Nilishindwa kumalizia."

Siku zilizofuata zilikuwa laini na nzito. Shija alirudi porini kwenye mashine, sisi tukakaa. Mvua ilinyesha kila alasiri bila haraka. Nana Efua alitupikia vizuri kuliko nilivyostahili, ugali wao wa mihogo na ndizi unaovutika, na mchuzi wa moto, lakini alituwekea sahani na kuondoka. Esi alikuwa akimwita bibi yake mama. Mama Kulwa akimnyooshea mikono, mtoto anajificha nyuma ya kanga ya Nana Efua na kuchungulia kwa jicho moja. Mama Kulwa hakumlazimisha. Alikaa kwenye kigoda uani, akachambua karanga, akaongea Kisukuma peke yake, habari za ng'ombe na pamba na majirani. Mtoto alianza kusogea. Leo hatua kidogo, kesho tena kidogo, kama kivuli kinavyosogea.

Asubuhi moja mwalimu Aba alikuwa kazini, na mimi nilikuwa nafua. Nana Efua alitoka na picha ya marehemu, akaipangusa vumbi. Mama Kulwa akanyoosha mkono kuiomba. Akaitazama, akauliza kwa kidole, nani? Nana Efua akasema, "Tawia." Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu mtu ana hamu ya kuongea hata kama haeleweki, akainua vidole viwili vilivyobanana, akavionyesha. Akaviweka chini. Akainua kidole kimoja, akagusa picha. "Tawia."

Mama Kulwa akaacha karanga.

Naye akainua vidole viwili vimebanana. "Kulwa. Doto," akasema. Akaviweka chini. Akainua kimoja. "Shija."

Nikatoka na povu mikononi. Kwetu, wanangu, mnajua wenyewe: mabasa, yaani mapacha, ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa nyuma yao ni Shija. Kumbe na kule mtoto anayefuata mapacha ana jina lake, naye ni Tawia. Wanawake wawili waliozaa mapacha, kila mmoja upande wake wa Afrika, na wale watoto wa nyuma ya mapacha wakaenda wakakutana bila kuambiwa na mtu.

Nana Efua alirudia vidole vile, kana kwamba hajaamini. Mama Kulwa akarudia. Kisha Nana Efua akaketi chini pale pale kwenye sakafu, akalia kwa sauti, kilio ambacho nafikiri hakuwa amekilia tangu msiba. Mama Kulwa hakumbembeleza. Alikaa ubavuni mwake akalia naye, na Esi akaja akasimama katikati yao, akiwatazama kwa zamu.

Tangu siku hiyo sahani zilikuwa zinawekwa pamoja.

Mwezi wetu ulipokaribia kwisha, Shija alikuja na bahasha. Idhini imesainiwa, hati ya mtoto imetoka, picha ya Esi amekunja uso kama mzee wa baraza. "Kila kitu kimekamilika, Mama," akasema.

Mama Kulwa akamwambia aketi. "Ng'wana wane," alisema, ndio mwanangu kwa Kisukuma, "mtoto simchukui."

Shija alidhani hajasikia. "Mama, nimehangaikia karatasi hizi tangu mwaka jana!"

"Najua."

"Sasa atakuwa wa wapi? Atakua hajui kwetu, hajui jina la babu yake!"

"Huyu mama amezika binti yake," Mama Kulwa akasema. "Nikimtoa mtoto mikononi mwake leo, nitakuwa nimemzikisha mara ya pili. Mimi siwezi kuubeba mzigo huo ndani ya ndege."

"Na mimi?" Shija akasema. "Mimi nimezika mke."

Hapo mama yake alimvuta, mwanamume mzima, akamlaza kichwa mapajani. Akamwambia kwa sauti ndogo, nami nilikuwa karibu nikasikia, "Ni kwa ajili yako nimekuja. Mtoto ana mtu. Wewe huna. Acha kulala porini hata siku za mapumziko. Lala hapa, mtoto akuone ukiamka. Na Kharumwa mtoto atakuja, lakini atakuja na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akamwonyesha kwa kidevu Nana Efua, aliyekuwa mlangoni, haelewi neno hata moja, amekaza mikono kifuani akingoja hukumu.

Nilitafsiri. Mwalimu Aba akatafsiri. Safari hii maneno hayakuchoka njiani. Nana Efua aliniuliza swali moja tu: huko Tanzania, mtu akifika, anaulizwa nini?

Kuja kwake kulichukua kiangazi kizima na masika mazima. Alikuwa anaogopa ndege, akaahirisha, akaugua mguu, akaahirisha tena. Nilizishughulikia karatasi zake na za Esi kutoka Geita, na zilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Niliwapokea mwenyewe Mwanza, jua likiwaka juu ya mawe. Nana Efua alishuka na kanga yake nzuri kabisa, akishika pasipoti kama kuku, na nyuma yake Shija amembeba Esi mabegani. Mama Kulwa alikuwa amekuja na nusu ya Kharumwa kwenye gari la kukodi. Vigelegele vilivyopigwa pale, askari wa uwanja alikuja kuuliza kama kuna bibi harusi.

Nana Efua alikuja kwa mwezi mmoja, tukamwongezea mwingine. Alisema mbuga zetu zinamtisha, kwamba mbingu ni kubwa mno na hakuna pa kujificha. Baadaye alisema anazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alirudi kwao na Esi. Kisha Mama Kulwa akaenda. Kisha Nana Efua akaja tena. Shija alihamishiwa mahali pa karibu na Tarkwa, na kila jioni analala nyumbani. Mtoto sasa anajua lugha mbili za bibi zake, Kiswahili, na Kiingereza cha shule, na anazichanganya zote akikasirika.

Mimi nimestaafu, naishi Kolandoto, mchana nasinzia barazani na mara nyingine naiona ile kijani isiyokwisha. Wiki iliyopita nilikwenda Kharumwa. Niliwakuta wote wawili shambani wanang'oa karanga, Esi akizila kabla hazijafika kapuni. Nana Efua akanyoosha mgongo. "Mwadila, Mama Viza," akanisalimu kwa Kisukuma chenye mwendo wa Kifante. "Karatasi yangu ya kukaa inakaribia kwisha."

"Na mimi nitaongozana naye," akasema Mama Kulwa. "Zamu yangu imefika."

Siku hizi nafanya kama ninyi. Nikaketi kwenye tuta, nikafungua fomu ya Mama Kulwa kwenye simu, nikaweka miwani. Jina, nikaandika. Tarehe ya kuzaliwa, siku ya mwaka mpya. Nikafika panapoulizwa utakaa muda gani.

"Mama, niandike siku ngapi?"

Mama Kulwa akamtazama mwenzake, wakazungumza kitu kwa vidole na kwa maneno ya nchi mbili, wakacheka. Kisha akanijibu, "Andika mpaka mvua zianze."

Wanangu mnaotengeneza hizo fomu za kwenye simu, nilipekua kote, juu na chini, nikitafuta mahali pa kuandika hivyo. Hamjapaweka. Pawekeni.